Jagi la Mheshimiwa

Jumatatu, 6 Januari

Sista wa chumba cha mashine amenikabidhi daftari hili mwenyewe. "Wewe ndiye unayeonekana una kichwa kigumu," aliniambia, "kwa hiyo wewe ndiye utakayeandika." Niandike kila siku mdogo wangu amekunywa kiasi gani, na siku za mashine niandike uzito wake. Figo zake zimegoma tangu mwaka juzi. Maji yakiingia mwilini hayana pa kutokea mpaka mashine ya kusafisha damu iyatoe, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Kiangazi hiki daktari amemkatia vikombe vitatu kwa siku. Chai ni humo humo, mchuzi ni humo humo. Vikizidi, maji yanapanda kwenye mapafu na moyo unachoka. Sista aliyasema yote hayo mbele yake bila kumumunya maneno, na mdogo wangu akawa anaitikia kama mtu anayeelekezwa njia ya kwenda sokoni.

Tulipofika nyumbani akasema, "Kwa kuwa unaandika yangu, Dada, andika na ya Mheshimiwa."

Mheshimiwa ni samaki. Anaishi ndani ya tangi la kioo juu ya meza kando ya kitanda cha mdogo wangu. Ni tangi dogo, lita ishirini tu. Nimelipima kwa futi yangu ya kushonea, halifiki urefu wa mkono wa shati. Mteja mmoja alimwachia mdogo wangu enzi za kibanda chake cha kutengeneza simu, akahama asirudi. Ndani mna maji ya chumvi kama ya baharini, jiwe moja lenye matundu, kaa wawili wadogo wanaotembea na magamba ya konokono mgongoni, na huyo samaki mmoja wa manjano, mdogo kuliko kidole changu cha mwisho. Anatoka pangoni, anatazama watu, anarudi ndani bila kufanya lolote. Ndiyo maana akapewa cheo.

Kazi yangu ni hii: kwa joto maji yanapaa, chumvi haipai. Inabaki humo na maji yanazidi kuwa makali. Kwa hiyo kila asubuhi niongeze kikombe kimoja cha maji matupu mpaka yafike kwenye alama. Maji hayo yananunuliwa dukani, yaliyochujwa, na yanakaa kwenye jagi lenye mfuniko wa bluu hapo hapo mezani. "Matupu, Dada, si ya chumvi. Chumvi anayo ya kutosha."

Kisha akacheka. "Huyu akimaliza kiangazi, na mimi nimemaliza." Nikamwambia aache upuuzi wake. Mama alikuwa amesimama mlangoni na nguo alizoanua mkononi. Nilimwona alivyomtazama yule samaki.

Jumanne, 7 Januari

Mashine. Uzito umezidi kilo mbili, Sista anasema inavumilika. Vikombe vitatu vya mgonjwa, kimoja cha samaki.

Ijumaa, 10 Januari

Joto. Vitatu na kimoja. Nimeshona kola kumi na nane, nne nimezifumua.

Jumapili, 12 Januari

Kinyozi wa ng'ambo ya barabara amekuja kumjulia hali mdogo wangu, kumbe ana lake. Anataka tangi dogo kama hili aliweke kwenye kibanda chake cha kunyolea, wateja watazame wakingoja zamu. "Niambie faida na hasara," akasema, "usinifiche, mimi ni mtu mzima."

Sijamwona mdogo wangu amechangamka hivi tangu augue. Akajikweza kwenye mito. "Dada, andika, nisije nikaulizwa tena."

Basi nimeandika. Faida: halichukui nafasi. Halibweki, halikwaruzi viti, halileti jirani kulalamika. Pampu yake inakula umeme kidogo. Chumvi ya pakiti moja inakaa miezi. Mtu akiketi mbele yake anasahau alichokuwa anangoja.

"Hiyo ya mwisho nimeipenda," alisema Kinyozi.

"Ngoja hasara. Tangi dogo halisamehe. Kubwa likikosewa lina pa kulifichia kosa. Hili, kosa la asubuhi jioni unaliona. Ukisahau maji siku mbili, chumvi imepanda. Ukizidisha chakula, maji yameoza. Umeme ukikatika mchana kutwa, umepata msiba. Huwezi kusafiri. Na samaki haumwi kwa sauti. Utamkuta tu."

"Kumbe hasara ni nyingi kuliko faida!"

"Faida moja sijaisema. Asubuhi ukiamka, kuna kitu kinakungoja wewe."

Kinyozi akajikuna kidevu. "Mimi nina mke," akasema, "huyo kila asubuhi ananingoja na maneno." Tukacheka mpaka Mama akaja kuuliza kuna nini. Alitia chai vikombe viwili, changu na cha Kinyozi. Yeye hakunywa.

Jumatano, 15 Januari

Vitatu na kimoja. Hata upepo wa feni ni wa moto.

Alhamisi, 16 Januari

Mashine. Kilo nne na nusu! Sista aliniita pembeni akafungua daftari mbele ya macho yangu. "Hapa umeandika vitatu, vitatu, vitatu. Mizani yangu haijui kusoma, lakini haidanganyi. Anayempa maji ni nani?"

Nilitamani sakafu ipasuke. Mimi mwenyewe ndiye ninayepima kila kikombe chake, cha bati, chenye ukingo wa bluu. Nikienda karakana nampa Mama kikombe cha mchana mkononi na namwambia, hiki tu.

Njiani mdogo wangu alikuwa amefumba macho, miguu imevimba hadi ndala hazimwingii. Niliwaza: Mama. Nani mwingine?

Jumapili, 19 Januari

Siku mbaya. Naandika ili nisije baadaye nikajidanganya kwamba niliongea kwa upole.

Jana tena kilo nne. Leo nimemngoja mdogo wangu alale nikamfuata Mama jikoni. Alikuwa anapeta mchele, hakuinua uso.

"Mama, unampa maji?"

"Unaniuliza au unaniambia?"

"Yuko na nani mchana kutwa kama si wewe? Mimi niko kwenye cherehani. Akikuomba unashindwa kumnyima, nakujua. Hata paka wa jirani humnyimi."

Akaendelea kupeta. Hapo ndipo nilipokasirika zaidi, kwa sababu nilitaka abishe. Nikamwambia, "Hiyo huruma yako itamzika." Nikamwambia hivyo, Mama yangu mzazi, miaka sabini, amesimama na ungo.

Ungo ukatulia. "Sawa," akasema. "Si una daftari? Niandike humo."

Nami kwa hasira nimekuja kuandika, haya: Mama anampa maji kwa siri.

Jumatano, 22 Januari

Mama hanisemeshi zaidi ya salamu. Mheshimiwa kikombe kimoja. Dumu la lita tano la maji ya dukani limeisha kwa siku sita, wakati lilitakiwa lidumu nusu mwezi. Nimemuuliza mdogo wangu. "Joto, Dada. Siku hizi anakula vikombe viwili, vitatu. Namwongezea mchana ukiwa kazini." Nimenunua jingine.

Jumapili, 26 Januari

Mimi ni fundi. Kitambaa kikipungua, najua kimepungua wapi.

Jana ilikuwa siku ya mashine; Mama na mdogo wangu walitoka asubuhi wakarudi jua linazama. Kabla hawajatoka nilichukua chaki yangu ya kushonea nikachora mstari kwenye kioo cha tangi, maji yalipofika, na mwingine kwenye jagi. Joto la jana hata mbwa walijificha. Jioni nikapima. Tangi limepungua hata kikombe hakijafika. Jagi halijapungua hata tone.

Leo mdogo wangu ameshinda nyumbani. Asubuhi nimechora tena. Jioni tangi limepungua kama jana tu. Jagi limeshuka vikombe viwili na nusu.

Nilikaa kwenye kiti nikatazama mistari yangu miwili. Mheshimiwa akatoka, akanitazama, akarudi ndani. Mdogo wangu alikuwa amelala na mkono wake umening'inia upande ule ule wa meza. Midomo yake imepasuka kama udongo. Mtu wa miaka thelathini na minne, anaiba maji ya samaki.

Nilifungua mdomo nimwamshe, nikaufunga. Kwetu hatusemani, kwetu tunatengeneza. Baba alipopoteza kazi, alikuwa anatoka kila asubuhi na begi lake vilevile, na Mama alimfungia chakula cha mchana miezi minne, huku anajua. Hakuna aliyemuumbua. Nami nitamwambiaje mdogo wangu kwamba nimemchorea chaki kama mwizi wa dukani?

Na Mama je? Kwa Mama sijui nianzie wapi.

Jumatatu, 27 Januari

Nimepata dawa. Asubuhi, akiwa bafuni, nimetia vikombe viwili vya chumvi ya jikoni kwenye jagi na kukoroga mpaka ikayeyuka. Akijaribu, atajua mwenyewe, na hakuna aliyeaibishwa. Maji ya Mheshimiwa nimeyaweka kwenye chupa jikoni, nyuma ya kopo la unga, nitamjazia mimi kila asubuhi. Jagi lisiguswe na mtu.

Jumanne, 28 Januari

Mashine. Kilo tatu. Hakutaja jagi, ila nilipompa kikombe chake cha jioni alinitazama muda mrefu kisha akasema, "Asante, Bi Mkasi." Jina hilo hajaniita tangu tukiwa watoto.

Jumamosi, 1 Februari

Kilo mbili tu. Sista amempiga begani: "Huyu sasa ndiye ninayemtaka." Mdogo wangu akatabasamu kwa shida. Usiku kucha anamung'unya kitambaa kilicholowa.

Jumatano, 5 Februari

Vitatu na kimoja. Nimemnunulia Mama khanga. Ameipokea, ameiweka sandukuni bila kuikunjua.

Jumatatu, 10 Februari

Shule moja imebadilisha rangi ya sare ghafla, wanataka sketi na mashati mia mbili kabla ya Jumatatu ijayo. Natoka alfajiri narudi giza. Mheshimiwa kimoja, nimekijaza mbio mbio.

Jumatano, 12 Februari

Nadhani nilijaza jana. Leo sikujaza. Vidole vyangu vinauma.

Ijumaa, 14 Februari

Nimerudi jua bado liko juu, nimemkuta Mama ameketi sakafuni karibu na meza, kikombe cha bati mikononi. Maji ya tangi yamepita mstari wangu wa chaki, yamekaribia kufurika. Samaki amelala juu ya mchanga kwa ubavu. Manjano yake yamepauka. Nilijua kabla sijagusa kioo.

"Jana jioni niliona maji yameshuka chini ya chaki yako," Mama alisema. "Mlikuwa mmemsahau. Nikamwongezea kikombe. Asubuhi nikamkuta amelala hivi, nikasema hiyo ni kiu, nikaongeza kingine. Akawa hainuki. Nikaongeza tena, na tena. Vikombe vinne, mwanangu. Alikuwa anapumua, halafu akaacha."

"Ya wapi, Mama? Maji ya wapi?"

Akaonyesha jagi.

Siku za mashine, na asubuhi inayofuata, mdogo wangu analala fofofo hata ukipiga ngoma. Ndiyo maana hakumwona. Sasa alikuwa macho. Alikuwa ameketi kitandani, na alipolitazama lile jagi na kunitazama mimi, nikajua kwamba anajua ladha yake. Nilichukua kipimo cha chumvi ya tangi, cha kioo, kinachoelea, ambacho chumvi ikiwa sawa kinasimama kwenye ishirini na tano. Kilichomoza juu kikapita mstari wa mwisho. Kwenye maji mazito kama yale hata mkasi wangu ungeelea.

Mama akaanza kulia, si kwa sauti. "Alisema huyu akimaliza kiangazi na yeye amemaliza. Nilisikia kwa masikio yangu. Kila siku nilikuwa namwombea samaki, mimi mtu mzima, naombea samaki. Sasa nimemuua mwanangu kwa mkono wangu."

"Mama, ulikuwa utani," mdogo wangu alisema.

Na mimi? Mimi niliyeweka chumvi, mimi niliyesahau maji siku mbili, mimi niliyemwita mwenye huruma ya kuzika watu? Nilisema, "Ngoja nilete kitambaa nifute meza." Nikaenda jikoni nikasimama nyuma ya mlango. Niandike hivyo hivyo: sikusema.

Jumamosi, 15 Februari

Mashine. Kilo mbili na robo. Mama hakwenda, Kinyozi ndiye aliyempeleka. Mama hataki kushika kikombe. Amesema mkono wake si wa kuaminiwa.

Jumapili, 16 Februari

Mama hajala tangu juzi. Nilimpelekea uji, akageukia ukutani. Nikasimama na bakuli kama mjinga.

Ni mdogo wangu aliyefungua mazungumzo. Alijikokota kutoka chumbani kwake, akishika ukuta, mpaka kitandani kwa Mama, akaketi miguuni pake.

"Mama, lile jagi lilikuwa na chumvi. Si wewe."

Mama akageuka.

"Niliitia mimi," nikasema. "Vikombe viwili. Nilisahau kumjazia, nikasahau na kukwambia. Samaki nimemuua mimi."

"Na aliitia kwa sababu yangu," mdogo wangu akasema. "Nilikuwa nayanywa, Mama. Maji ya Mheshimiwa. Januari yote. Wewe hukunipa hata tone, nami nikamwacha Dada akutukane, nikanyamaza. Nilikuwa nasikia yote kule jikoni. Nilijifanya nimelala."

Nikamngoja Mama apige kelele. Angekuwa na haki. Badala yake aliketi, akajifunga khanga yake vizuri, akamshika mdogo wangu mguu uliovimba.

"Unywaji wako naujua," akasema. "Mfuniko wa lile jagi unalia. Niko jikoni nasikia, tiki. Nikasema, nikimwambia dada yake, atamnyang'anya jagi. Nisipomwambia, mwanangu atavimba. Kila siku nasema kesho nitasema. Halafu huyu akanijia na maneno yake nikiwa na ungo wangu." Akanitazama, mara ya kwanza kwa mwezi mzima. "Nikaona afadhali. Alaumiwe mwenye afya."

"Ungeniambia, Mama!"

"Na wewe chumvi ungeniambia."

Kisha mdogo wangu akaanza kutikisika mabega. Nikadhani analia, kumbe anacheka. "Nyumba nzima ya mabubu," akasema. "Dada, vikombe viwili! Siku ile nilitema mpaka dirishani." Mama akacheka, akashika mdomo, akalia, akacheka tena. Uji ulipoa. Aliunywa hivyo hivyo.

Nimerudi ukurasa wa tarehe 19 nikaukata ule mstari kwa rula, mara mbili.

Alhamisi, 20 Februari

Mashine. Kilo mbili. Kaa mmoja amefia ndani ya gamba lake, mwingine anatembea. Mdogo wangu amekataa tangi lizimwe. Tunabadilisha maji kidogo kidogo, jagi jipya, na kila anayejaza anasema kwa sauti: "Nimejaza!" Mama anasema kwa nguvu mpaka Kinyozi anaitikia kutoka ng'ambo.

Jumanne, 25 Februari

Uzito mzuri, pumzi mbaya. Kupanda ngazi tatu za hospitali alipumzika mara mbili. Daktari amempima moyo kwa mashine ya picha. Umetanuka, anasema, umechoka. Nikamuuliza umechoka lini, wakati sasa anafuata masharti yote. Alitazama karatasi zake. "Zile wiki za Januari zilikuwa nzito sana kwake."

Kumi na sita Januari mizani ilisema. Ishirini na sita nilijua. Ningemwamsha siku ile nikamwambia, mdogo wangu, nimeona, tungelia wote siku ile ile. Na Mama angekuwa amesikia tiki ya kwanza na kusema. Na yeye mwenyewe angesema ana kiu. Lakini kila mmoja alikuwa anamlinda mwenzake.

Jumapili, 2 Machi

Ameniambia niandike hasara nyingine kwa ajili ya Kinyozi. "Andika: tangi dogo ukiliweka karibu na mtu mwenye kiu, ni mtihani." Nikasema hiyo siandiki. "Andika, Bi Mkasi. Mtu asije akasema hakuambiwa." Nimeandika.

Alhamisi, 6 Machi

Wamemlaza wodini. Anapumua kwa kukaa. Mawingu yamejaa, mvua haishuki.

Jumatatu, 10 Machi

Mwili hauhimili mashine tena, shinikizo la damu linaanguka. Mama ameniuliza maana yake nini. Nimemwambia. Sikumficha neno hata moja, na yeye hakuniuliza mara mbili.

Jumanne, 11 Machi

Mvua imenyesha. Ilianza mchana, matone makubwa kwenye mabati ya wodi, hadi wagonjwa wakageuza vichwa madirishani. Daktari alitutoa nje ya wodi. Alisema tumpe chochote anachotaka. Mama akauliza, "Hata maji?" Daktari akasema, "Hata maji, Mama. Kiasi chochote."

Mama hakukimbia. Alikwenda kwenye bomba la kunywa la mwisho wa wodi akasuuza kikombe cha bati mara tatu. Akakijaza mpaka ukingo wa bluu, akarudi nacho kwa mikono miwili, taratibu, asimwage. Nilimshika mdogo wangu kichwa. Alipokiona kikombe kimejaa vile akanitafuta kwa macho, kwa woga, kama mtu aliyekamatwa.

"Kunywa, mwanangu," Mama akasema. "Leo hakuna anayeandika."

Mwaka na nusu wa kiu. Niliwaza atanyang'anya, atamaliza, atadai kingine. Alikunywa mafunda mawili. Akafumba macho, akayaweka kinywani kabla ya kumeza.

"Yametosha," akasema.

"Ongeza kidogo."

"Yametosha, Mama. Ni matamu."

Mama aliendelea kukishika kile kikombe kwa mikono miwili. Nilikipokea.

Jumatano, 12 Machi

Mdogo wangu amefariki asubuhi, tukiwa wote wawili. Mvua ilikuwa bado inanyesha.

Jumanne, 25 Machi

Sista ametuma salamu na kusema daftari si lazima nilirudishe. Wiki mbili sikuligusa.

Leo Kinyozi alikuja, akavua kofia, akazungukazunguka maneno, mwishowe akasema kama tangi linatutia uchungu yuko tayari kulichukua, atalitunza. Nia yake ni njema, najua. Nikamfungulia ukurasa wa faida na hasara akasoma wote akiwa amesimama. Alipofika kwenye ile ya kitu kinachokungoja asubuhi, alilifunga akanirudishia. "Basi liacheni," akasema.

Chumba tumekifagia, godoro tumelianika na kulirudisha. Mvua imepoza kila kitu, sasa tangi halinywi hata nusu kikombe kwa siku. Yule kaa amekua. Juzi amehamia kwenye gamba la mwenzake. Mstari wangu wa chaki bado uko, umefifia.

Jioni Mama aliingia na kikombe cha bati na jagi. Alivaa khanga niliyomnunulia. Aliinama mpaka macho yakalingana na chaki, akamimina kidogo, akangoja, akamimina tena.

"Nimejaza," akasema.

"Nimesikia, Mama."

Kilichobaki kikombeni kilikuwa zaidi ya nusu. Alikitazama. Kiangazi chote, miezi yote ile, ndani ya chumba hiki sikuwahi kumwona Mama akiweka maji mdomoni, hata chai. Nilidhani hapendi. Sasa aliketi kwenye ukingo wa kitanda cha mwanawe, akainua kikombe, akanywa mpaka mwisho bila kupumzika, koo lake likipanda na kushuka.

Alipokishusha nilichukua jagi nikamjazia tena.